Taa ya Dubwi Inasimama Wapi, na Nani Anaisimamisha

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mvuvi wa dagaa. Kazi yake inafuata mwezi. Usiku wa giza wanaingia ziwani na taa, dagaa wanaifuata taa, wavu unanyanyuliwa. Mbalamwezi ikitanda, taa haimvuti tena samaki, basi mitumbwi inalala ufukweni na wavuvi wanarudi mjini na malipo yao. Siku hizo yeye hukaa Igogo, hapa Mwanza, kwa mama yake, na siku hizo ndizo anazokutana na dubwi, ile mashine ya kamari inayochezwa kwa sarafu.

Mara ya mwisho alikuja kwangu usiku. Alikuwa ameliwa shilingi 48,000 kwenye mashine iliyo nyuma ya baa moja karibu na mwalo wa Kirumba. Hizo ni sarafu 240 za mia mbili. Hakuja kulilia fedha wala kukopa. Alikuwa na swali lililomnyima usingizi.

"Kaka, ile mashine nimeilisha tangu saa kumi. Nimetoka kidogo kutafuta chenji, narudi nakuta jamaa kaweka sarafu moja tu, imetema mpaka zinamwagika chini. Ile si ilikuwa yangu?"

Nafundisha hisabati sekondari, na mada ya uwezekano naipenda kuliko zote. Nilifungua mdomo kumjibu, nikatambua kuwa ninachokijua ni dadu na shilingi inayorushwa juu. Ndani ya lile sanduku sikuwahi kuchungulia. Nikamwambia anipe siku chache.

Fundi mmoja ninayefahamiana naye, anayetengeneza redio na televisheni katikati ya mji, huletewa mashine hizi mara moja moja zikiharibika. Nilipomfuata alikuwa nayo moja imeegemea ukuta. Wengi mnazijua kwa sura: sanduku la kimo cha kifua, kioo chenye picha 24 zilizozunguka pembeni kama fremu, tufaha, chungwa, tikiti, kengele, nyota, 77, BAR, na chini yake safu ya vitufe. Unaingiza sarafu, unabonyeza picha unazozitaka, unabonyeza cha kuanzia. Taa inakimbia kuzunguka fremu, inapunguza mwendo, inasimama. Ikisimamia picha uliyoiwekea, unalipwa kwa kuzidishiwa.

Fundi alifungua mlango wa nyuma. Nilitegemea kukuta mitambo, na nilichokikuta zaidi ni uwazi. Chini kuna pipa la kuhifadhia sarafu lenye mota ya kuzisukuma nje moja moja, na jicho la mwanga linalozihesabu zikipita. Juu kuna spika. Penye tundu la kuingizia sarafu pana kifaa kidogo kilichonifurahisha sana: ndani yake imebanwa sarafu moja ya shilingi 200, ile yenye sura ya Mzee Karume, nayo haitoki kamwe. Kila sarafu unayotumbukiza inapitishwa kwenye koili za waya na kulinganishwa na hiyo iliyobanwa. Zikifanana inapokelewa, zisipofanana inarudishwa. Ndiyo maana huwezi kuidanganya kwa kipande cha bati.

Na pembeni kuna ubao wa saketi usiozidi ukubwa wa daftari.

Nikamwuliza fundi mota inayozungusha taa iko wapi. Akacheka, akasema hakuna kinachozunguka. Ni balbu 24, na ule ubao unaziwasha na kuzizima kwa zamu. Ule mwendo unaopungua mwishoni, taa inapojikokota kutoka kengele kwenda nyota kwenda BAR huku watu waliokuzunguka wameshika pumzi, umeandikwa kwenye programu. Taa haina uzito wa kuchoka. Ulipobonyeza kitufe cha kuanzia, ubao uliamua papo hapo taa ikasimame wapi, kisha ukaanza kukuonyesha safari ya kwenda huko.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo hilo kichwani, nikaanza kusoma historia ya mashine hizi. Kadiri nilivyosoma niliona mstari mmoja tu ukipita katikati ya miaka zaidi ya 130. Mwanzoni, kile ulichokiona kwa macho ndicho kilichoamua. Kila badiliko lililofuata liliongeza umbali kati ya hivyo viwili.

Mwaka 1891, mjini Brooklyn, New York, wafanyabiashara wawili, Sittman na Pitt, walitengeneza mashine ya karata. Ilikuwa na mapipa matano yanayozunguka yenye picha za karata 50. Unaweka sarafu ya senti tano, unavuta mkono, unasubiri uone umepata karata gani. Mashine yenyewe haikulipa chochote. Mwenye baa ndiye aliyekulipa, kwa glasi ya bia au sigara. Karata kamili ni 52, na zile mbili ziliachwa makusudi, kwa kawaida kumi ya shupaza na ghulamu wa kopa, ili mkono mkubwa kuliko yote uwe mgumu zaidi kupatikana. Angalau ujanja huo ulikuwa unahesabika. Mtu mwenye subira angeweza kuinama akahesabu karata akagundua zilizokosekana.

Miaka michache baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1890, fundi mhamiaji kutoka Ujerumani aitwaye Charles Fey, aliyeishi San Francisco, alitengeneza mashine aliyoiita Liberty Bell. Alipunguza mapipa yakabaki matatu, akaweka alama tano: kiatu cha farasi, almasi, shupaza, kopa na kengele. Kengele tatu zikijipanga, mashine yenyewe ilitoa sarafu kumi za senti tano. Nyuma ya mapipa kulikuwa na diski zenye mikato ya vina tofauti, na vyuma vilivyoipapasa mikato hiyo. Vyuma vyote vitatu vikizama kwenye mikato ya ushindi, njia ya sarafu ilifunguka. Springi, meno na uzito, hakuna zaidi. Pipa lilisimama pale lilipoishiwa nguvu na kukamatwa na chuma, na mahali hapo ndipo palipoamua malipo.

Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Kila pipa vituo kumi, mapipa matatu, kumi mara kumi mara kumi, michanganyiko 1,000. Fey hakuziuza mashine zake. Aliziweka kwenye baa za watu na kugawana mapato nusu kwa nusu na mwenye baa. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka sanduku la Kirumba, kwa kuwa dubwi nyingi zilizo kwenye baa nazo si mali ya mwenye baa. Kuna mtu huja na funguo, anafungua, sarafu zinahesabiwa, kila mtu anachukua fungu lake.

Zile picha za matunda pia zina asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Herbert Mills wa Chicago alitengeneza mashine zilizofanana na ya Fey, na baadhi ya mashine za enzi hizo zilijificha kwenye sura ya mashine za kuuzia ubani wa kutafuna ili kukwepa sheria za kamari. Matunda yalikuwa ladha za ubani. Neno BAR linatokana na nembo ya kampuni ya ubani. Kijana anayebonyeza BAR leo pale Buzuruga anabonyeza pakiti ya ubani ya Marekani ya miaka zaidi ya mia iliyopita.

Mwaka 1963 kampuni ya Bally ya Chicago ilileta umeme. Mapipa yaliendelea kuzunguka, lakini kazi ya kutambua ushindi na kulipa ilihamia kwenye waya na mota, na chini pakawekwa pipa la sarafu lililoweza kumwaga hadi sarafu 500 bila mhudumu kuja. Mlio ule wa sarafu zikianguka kwenye sinia la bati ulianza kusikika ukumbi mzima, na kila aliyeusikia alijua kuna mtu amekula. Mlio wa aliyeliwa haupo. Mwaka 1976 kampuni ya Fortune Coin ilitengeneza mashine ya kwanza ya video kwa kutumia kioo cha televisheni ya Sony, na hapo mapipa yenyewe yakawa picha.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, halikuonekana kwa macho. Mwaka 1984, mvumbuzi Inge Telnaes alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, nchini Marekani kwa wazo ambalo kila anayecheza angepaswa kulielewa kabla ya kutumbukiza sarafu ya kwanza. Naomba nilieleze taratibu.

Tatizo la wenye kasino lilikuwa hili. Pipa la chuma lenye vituo 22, mapipa matatu, linatoa michanganyiko 10,648. Maana yake zawadi kubwa, ikiwa na kituo kimoja kwa kila pipa, itatoka wastani wa mara moja katika kila mizunguko 10,648, na mwenye mashine hawezi kuahidi zawadi inayozidi makusanyo ya mizunguko hiyo. Akitaka kuahidi mamilioni lazima aongeze vituo, na vituo vikiongezeka pipa linakuwa kubwa, na mchezaji akiona pipa kubwa anajua kwa macho kuwa bahati imekuwa mbali. Telnaes aliliacha pipa la chuma na vituo vyake 22, akatengeneza ndani ya kompyuta pipa lingine lisiloonekana, lenye vituo vingi zaidi, tuseme 64. Kompyuta inachagua namba kati ya 1 na 64, kisha inatazama kwenye jedwali: namba hii ni ya kituo gani cha pipa la chuma? Pipa linaamriwa likasimame hapo.

Ukiona bado ni fumbo, fikiria mchezo wa kupeana wa kina mama, wanachama 22, majina yote 22 yameandikwa ukutani. Zamu inapangwa kwa kuokota vikaratasi kwenye bakuli. Ukutani kila mtu ana jina moja, na ukitazama utaona haki tupu. Lakini kwenye bakuli vimewekwa vikaratasi 64: mmoja ana kikaratasi kimoja, mwingine ana vitano. Ukuta haujasema uongo kuhusu majina. Haujakwambia tu kuhusu bakuli.

Sasa rudisha hesabu. Alama ya zawadi kubwa inapewa kikaratasi kimoja kati ya 64. Mapipa matatu: 64 mara 64 mara 64 ni 262,144. Macho yako bado yanakwambia moja katika 10,648, na umedanganyika karibu mara 25. Na kuna jambo linalonikera zaidi ya hilo. Vituo vitupu vilivyo juu na chini ya ile alama kubwa hupewa vikaratasi vingi. Kwa hiyo pipa linasimama mara nyingi hatua moja kabla ya alama, au hatua moja baada yake. Unaiona iko pale pale, imekukosa kwa unywele. Unaamini umekaribia. Hakuna kukaribia kwenye namba. Kompyuta ikitoa 41 na ushindi ukawa 42, wewe uko mbali sawasawa na aliyetoa 3.

Nevada, jimbo ambalo Las Vegas ipo, iliwahi kuchora mpaka kwenye jambo hili. Mwaka 1989 wasimamizi wake walikataa mashine ambazo programu zake ziliamua kwanza kuwa umeshindwa, kisha zikachagua picha ya kushindwa inayofanana na ushindi. Mtindo wa Telnaes wenyewe uliruhusiwa, kwa hoja kwamba pale picha inafuata namba iliyotoka na haikupambwa baadaye. Nimesoma hoja hiyo mara kadhaa, na naona inamlinda mwanasheria kuliko mchezaji.

Lakini namba yenyewe inatoka wapi? Kompyuta haijui kubahatisha, inajua kukokotoa. Kwa hiyo inatumia kanuni ya hesabu inayozaa namba zinazoonekana kama hazina mpangilio, na watu wa fani hiyo huziita namba nasibu. Unaweza kutengeneza kanuni ya namna hiyo kwa kalamu. Chukua 7. Zidisha kwa 5, jumlisha 3, gawa kwa 16, chukua baki. Unapata 6. Rudia kwa 6, unapata 1. Kisha 8, kisha 11, kisha 10. Mtu asiyeijua kanuni hawezi kubashiri kinachofuata, ila mwenye kuijua anajua yote, na akiendelea ataona mfuatano unazunguka na kurudi ulikoanzia. Ndani ya mashine nzuri kanuni ni ngumu mno kuliko hiyo na mzunguko wake ni mrefu kupita maisha ya mashine, lakini tabia ni ile ile. Miaka ya 1990 mhandisi Ronald Harris, aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya Nevada kukagua programu hizi, aliutumia ujuzi huo kubashiri matokeo ya keno, mchezo wa kubahatisha namba zitakazotoka, na kuishia mikononi mwa polisi.

Kinachotuhusu zaidi ni kwamba namba hizo zinatiririka muda wote, mamia kwa sekunde, mtu awepo asiwepo. Kubonyeza kwako ni kama kuchota maji ya mto kwa kikombe. Ukichota nusu sekunde baadaye umechota maji mengine. Kwa hiyo kwenye mashine ya namna hiyo, jibu la swali la mdogo wangu ni hapana. Hata angebaki amekaa pale, asingebonyeza katika sehemu ile ile ya sekunde aliyobonyeza yule jamaa. Ile haikuwa yake.

Nilikuwa tayari kumpelekea jibu hilo. Bahati nzuri nilirudi kwanza kwa fundi.

Alinionyesha kwenye ule ubao safu ya swichi nyeupe, ndogondogo kama punje za mchele. "Hizi hapa," alisema, "ndizo mwenye mashine anazipanga." Ukizipanga hivi mashine inatoa zaidi, ukizipanga vile inabana. Kisha akaniambia la pili. Mashine za bei ndogo nyingi hazisubiri bahati ilete wastani. Zinahesabu zilichoingiza na zilichotoa, na zikiona zimetoa pungufu ya kiwango zilichopangiwa zinalegea, zikiona zimezidisha zinakaza.

Mashine zinazojirekebisha namna hiyo hazipo Mwanza tu. Uingereza, kwenye mashine za matunda za baa zao, aina hiyo imekuwa ya kawaida kwa miaka mingi, na inatakiwa iandikwe kwenye mashine kwamba malipo yake yanaweza kuathiriwa na michezo iliyotangulia, ili mtu asidhani kila mzunguko unajitegemea. Huku kwetu maandishi hayo sijayaona.

Kwa hiyo kijiweni wanaposema "mashine imeshiba, inakaribia kutapika", siwezi tena kusimama kwa kiburi cha mwalimu nikasema ni ujinga. Kwenye mashine ya namba nasibu usemi huo hauna ukweli wowote. Kwenye inayojirekebisha una ukweli ndani yake, na ukweli huo haumsaidii mchezaji. Yeye haoni hesabu. Hajui mashine imepangiwa kulipa kiasi gani, hajui imekula kiasi gani kabla hajafika, hajui itaanza kulegea lini, kesho au baada ya sarafu elfu moja. Na ikilegea inamlegezea aliye mbele yake. Haijui nani aliilisha. Sarafu 240 za mdogo wangu huenda kweli ziliisogeza mashine kwenye kulipa, na yule jamaa akavuna.

Jibu hilo niliona gumu kumpa, kwa sababu linaweza kumfanya akae zaidi, asubiri ilegee. Hapo ndipo hesabu ya asilimia inapohitajika, nayo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Ukisikia mashine inarudisha asilimia 90, unaelewa kwamba ukienda na shilingi 10,000 utatoka na 9,000. Ingekuwa hivyo, dubwi ingekuwa burudani ya bei ya soda chache. Asilimia hiyo inahesabiwa kwenye fedha inayozungushwa, na unachoshinda unakirudisha tundu lile lile. Elfu kumi ikipita mara moja inabaki 9,000 kwa wastani. Hiyo ukiipitisha tena ni 8,100. Tena, 7,290. Ikipita mara saba imebaki kama 4,783. Kila mara mashine imetimiza ahadi yake ya asilimia 90, na wewe zaidi ya nusu ya fedha yako imekwenda. Au tazama kwa saa: mizunguko kumi kwa dakika, shilingi 200 kila mzunguko, ni 120,000 zimezungushwa ndani ya saa moja, na sehemu ya mashine ni 12,000. Mchezaji ataapa hajawahi kushika 120,000 mkononi siku hiyo. Ni kweli hajashika. Alishika sarafu zile zile mara nyingi. Nevada sheria inaagiza mashine isipangwe kurudisha chini ya asilimia 75. Zipitishe elfu kumi mara saba kwa kiwango hicho uone kinachobaki.

Kwa nini mtu haondoki? Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwafanyia majaribio njiwa na panya katikati ya karne iliyopita. Mnyama akipewa chakula kila anapodonoa kitufe, atadonoa akiwa na njaa na kuacha akishiba. Chakula kikija bila mpango, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya arobaini, anadonoa bila kukoma, na hata chakula kikikatwa kabisa anaendelea kwa muda mrefu. Skinner mwenyewe alizitaja mashine za kamari kama mfano wa hali hiyo kwa binadamu.

Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji njiwa kuielewa hali hii. Mvuvi wa sangara anatega nyavu usiku hajui atavuta nini, na siku moja anapata samaki ambaye bondo lake, kile kibofu cha hewa, peke yake linalipa deni la wiki. Usiku mwingine anavuta magugu maji. Anarudi tena ziwani, na kurudi huko ndiko kunakomlisha na kuwalisha wanawe. Subira hiyo ndiyo elimu kuu ya kazi yake, amefundishwa na baba yake na babu yake. Kisha anaingia baa siku ya mbalamwezi na kukuta sanduku linaloitaka subira ile ile. Sikubali watu wanaposema wavuvi wanapenda kamari kwa sababu hawajasoma. Naona wanapelekea mashine tabia iliyo njema mahali pengine. Ziwani samaki wapo, na ujuzi wa kusoma upepo na maji unaongeza unachopata. Mbele ya ubao wa saketi hakuna cha kusoma.

Mashine mpya zimeongeza hila nyingine. Za video zinakuruhusu kuweka fedha kwenye mistari mingi kwa pamoja. Unaweka shilingi 50 kwenye kila mstari, mistari 20, jumla 1,000. Mstari mmoja unashinda 300. Mashine inawaka, inaimba, inakupongeza, na wewe umepoteza 700. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Canada walipima jasho la ngozi za wachezaji mwaka 2010 wakakuta mwili unasisimka kwa "ushindi" wa namna hiyo kama unavyosisimka kwa ushindi wa kweli. Masikio yanauamini wimbo.

Kwa upande wa sheria, Tanzania tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwayo. Mashine inatakiwa iwe na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mashine isiyo na leseni, hakuna anayejua zile swichi zimepangwaje isipokuwa mwenye funguo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote tazama kama ina leseni. Mimi nimewakuta wanafunzi wangu, wenye sare, wakiitumbukizia nauli ya daladala. Nilimrudisha mmoja nyumbani kwa miguu, tukizungumza njia nzima.

Nilimweleza mdogo wangu yote haya tukiwa tumekaa nje, nikachora pipa na bakuli la vikaratasi kwenye karatasi ya boksi, na pembeni nikaandika ile kanuni na mfuatano wake unaoanza na 7. Alisikiliza vizuri. Kuhusu kushiba kwa mashine alitikisa kichwa, akanyamaza kwa muda. Kisha akatoa simu.

"Na hiki kindege?"

Mchezo wa Aviator, uliotolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019, hauna mapipa wala taa. Kindege kinapaa na namba inapanda, mara 1.2, mara 2, mara 5, na unatakiwa utoe fedha yako kabla hakijatoweka. Unajiona una usukani kwa kuwa wewe ndiye unayechagua wakati wa kutoa. Lakini mahali kitakapotoweka hupatikana kwa kukokotoa namba ya siri ya mtambo pamoja na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, na hesabu hiyo imekwisha kabla kindege hakijaacha ardhi. Baadaye unaweza kuhakiki kwamba hakuna aliyebadilisha kitu katikati. Uhakiki huo ni wa kweli, naupenda, na haugusi asilimia. Kampuni inatangaza 97. Kwa kiwango hicho uwezekano wa kufika mara 2 ni kama 48.5 kwa 100, wa kufika mara 10 ni kama 9.7 kwa 100, na popote utakapojizoeza kutoa, wastani unarudi kwenye 97 ile ile. Tatu zilizobaki zinakatwa kila raundi, na raundi zinafuatana usiku kucha, kwenye simu ambayo haifungwi kama baa.

Hakusema ataacha wala sikumwomba aahidi. Aliomba ile karatasi ya boksi, ile yenye mfuatano wa namba, akaikunja akaitia mfukoni. Siku ya tatu giza lilianza akaondoka na wenzake. Usiku huo nilipata ujumbe wake kutoka kambini: "Kaka, nimeipiga mpaka mwisho. Ya kumi na saba ni 7 tena. Nimejaribu kuanza na 3, nayo imerudi kwenye 3."